Saa Tatu Kamili, Kitisuru

Jumatatu, 6 Novemba 2006

Naomba radhi, daftari langu. Tangu Machi sijakuandikia hata neno. Si uvivu. Ukurasa wako wa mwisho unaeleza jinsi nilivyojaribu kuwauzia majirani zangu wa Kangemi maji ya mvua yaliyopimwa kitaalamu, na jinsi majirani hao walivyolipokea wazo lenyewe. Nilitaka muda upite kidogo. Umepita.

Leo nimeitwa mjini. Ofisi ya taasisi yetu iko ghorofa ya sita na lifti imelala tangu Juni. Nilifika nikihema. Daktari Awiti, mama aliye mkuu wetu, alinisubiri nipumue, kisha akazungumza nami kwa upole. Upole huo ndio ulionitisha. Kituo chetu cha kupima mvua kule Kitisuru kitapata mashine. Ni kisanduku chenye programu ndani, kinachopima mvua na joto chenyewe kila robo saa. Kwa wiki mbili takwimu zake zitawekwa kando ya zangu. Jumatatu ya tarehe ishirini kamati itakaa. Zikilingana, mashine itabaki, nami nitaagwa kwa chai na keki. Zikikosana, mashine itarudishwa ilikotoka, na msichana anayeisimamia, Wanjira, ambaye bado yuko kwenye majaribio ya kazi, hatathibitishwa.

Miaka ishirini na tisa serikalini, sita hapa. Kila asubuhi, saa tatu kamili, nimesimama mbele ya kipimamvua. Nimekosa siku moja tu, siku aliyozaliwa binti yetu Kavata. Kalekye, mke wangu, bado hunikumbusha kwamba nilipoingia hospitalini swali langu la kwanza lilikuwa kama kumenyesha.

Siwezi kushindwa na kisanduku.

Jumanne, 7 Novemba

Wanjira alifika Kitisuru saa tatu unusu, mimi nikiwa nimekwisha kusoma mvua yangu na kuiandika. Alikuja na kisanduku, mlingoti, na kompyuta ya kubebwa ambayo ofisi nzima huitumia kwa zamu. Ni mdogo kwa Kavata. Aliniamkua, "Sasa, Guka." Nilimweleza kwamba mzee haambiwi "sasa". Alicheka, akasema basi habari ya asubuhi, Guka, na akanipa andazi moja kati ya mawili aliyokuwa nayo. Guka ni babu kwa Kikuyu. Mimi ni Mkamba. Andazi nililila.

Haron, mlinzi wa lango, alisaidia kuusimamisha mlingoti, akatoa na ushauri mwingi ambao hakuombwa.

Kisha msichana akaniuliza swali zuri. Vipimo huanza saa ngapi? Kuna sheria? Alieleza kwamba programu yake huanza kuhesabu pale inapowashwa: robo saa ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi saa ishirini na nne zikitimia, ndipo inajumlisha mvua ya siku na kuanza upya. "Ama niiwashe tu saa hii, Guka?"

Sheria ipo. Vituo vyote husoma mvua saa tatu kamili asubuhi, ili mvua ya siku moja iwe ya siku hiyo kila mahali. Naijua kama ninavyoijua Baba Yetu. Nikamwambia awashe tu, mvua haichagui saa.

Akabonyeza. Saa nne na dakika saba. Tangu hapo robo saa zake zinaanguka dakika ya saba, ya ishirini na mbili, ya thelathini na saba, ya hamsini na mbili, kama kengele ya shule iliyopigwa na mlevi. Siku yake huanza saa nne na dakika saba. Yangu huanza saa tatu. Katikati kuna saa moja na dakika saba. Kilichobaki ni mvua kuanguka humo.

Kunyamaza si kusema uongo. Ingawa, nikiusoma mstari wa juu, naona sikunyamaza.

Alhamisi, 9 Novemba

Imeanguka. Usiku ulikuwa mkavu. Saa tatu kamili nilisoma sufuri, nikaandika sufuri. Saa tatu na dakika arobaini mbingu zikafunguka juu ya Kitisuru hadi karibu saa nne. Nilisimama chini ya paa la kibanda cha Haron nikitabasamu. Haron aliniuliza kama ni mshahara. Nikamwambia ni kitu kama hicho.

Saa nne na dakika saba kisanduku kilijumlisha siku yake: milimita ishirini na mbili nukta nne. Kwangu siku hiyo hiyo ni sufuri. Wanjira alikisoma kioo kidogo cha kisanduku, akalisoma daftari langu la mvua, akakisoma kioo tena.

Kesho, daftari langu litasema ishirini na mbili nukta nne, na mashine itasema sufuri. Siku mbili, makosa mawili, mvua moja.

Nimelala vizuri mchana huu. Kalekye anasema nilicheka usingizini. Ameniuliza ni nani nimemfanyia nini.

Ijumaa, 10 Novemba

Imekuwa kama nilivyotabiri. Daktari Awiti alimwita Wanjira mjini. Alirudi Kitisuru saa nane, macho mekundu. Daktari alimuuliza kama mashine yake huota mvua usiku na kuisahau asubuhi. Watu walicheka, alisema, na aliyecheka zaidi ni yule wa ofisi ya hesabu, ambaye hajawahi kupanda Kitisuru hata siku moja.

Msichana hakumlaumu mtu. Alifungua kila waya. Aliiosha faneli inayopokea mvua. Alipanda ngazi kwenye manyunyu, sketi imeingizwa ndani ya buti, akakagua mlingoti. Kisha akaketi kwenye jiwe karibu nami, akanimiminia chai kutoka chupa yake. Mama yake huko Kinoo ameshawaambia wanawake wote wa kanisani kwamba bintiye ameajiriwa. Asipothibitishwa, atarudi dukani kwa mjomba wake, Limuru, kuuza gambuti, yale mabuti ya mpira. "Si gambuti ni mbaya, Guka. Lakini nimesoma miaka minne." Halafu: "Wewe ndio unajua hii mvua. Niambie tu ukweli, nimekosea wapi?"

Jibu lilikuwa kinywani. Maneno matatu: saa tatu kamili. Yalifika kwenye meno.

Nikamwambia labda ni buibui.

Alitumia alasiri nzima kutafuta buibui. Alimpata mmoja. Alifurahi sana.

Sikuweza kula. Kalekye alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, chakula ambacho sijawahi kukikataa tangu tuoane. Alikitazama kile chakula, akanitazama mimi, akasema, "Baba Kavata, hicho unachokificha kinakula kuliko wewe."

Jumamosi, 11 Novemba

Nimetafakari. Nimemkosea msichana. Hilo nakiri, hapa, kwa wino.

Basi yafaa nirekebishe. Lakini nirekebishe bila kusema, maana mzee wa miaka sitini na mmoja hawezi kumwambia mtoto kwamba alimdanganya kwa sababu ya kisanduku. Heshima ikivunjika haina fundi.

Nimepata njia. Programu huanza kuhesabu inapowashwa. Basi ikizimwa na kuwashwa tena saa tatu kamili, itahesabu kutoka saa tatu kamili. Robo saa zitakaa mahali pake, siku yake itakuwa siku yangu, takwimu zitalingana, na hakuna atakayejua kwamba ziliwahi kutolingana kwa sababu yangu. Ndiyo, nitapoteza kazi. Nimekubali. Nimejiona kama mtu mwema leo mchana kutwa.

Swichi kuu iko ndani ya kibanda cha Haron. Nimeisawazisha saa yangu ya mkono na milio ya redio. Tayari.

Jumatatu, 13 Novemba

Nilimtuma Haron akanunue maziwa saa tatu kasoro dakika kumi. Saa tatu kasoro dakika mbili nilizima swichi kuu. Nikasimama, mkono kwenye swichi, jicho kwenye saa.

Sikuwa nimefikiria lango. Lango la boma ni la umeme. Nje yake, wakati huo huo, lilisimama gari la Daktari Awiti, aliyekuja kukagua. Akapiga honi. Zilibaki sekunde arobaini. Akapiga tena, ndefu. Nilikuwa na mambo mawili: kumfungulia mkuu wangu, au kungoja saa tatu kamili. Nilingoja. Miaka thelathini na mitano haifutwi na honi.

Saa tatu kamili nikawasha, nikakimbilia kipimamvua kabla dakika haijaisha. Lango likafunguka. Daktari Awiti akaingia uso umefura. Haron akatokea nyuma ya gari na maziwa mkononi, akanitazama, akatazama mlango wa kibanda chake ulio wazi, akamwambia Daktari kwamba stima ilikuwa imepotea kidogo, pole sana madam, hii Kitisuru siku hizi ni hivyo tu. Yeye ndiye aliyekaripiwa kwa kuacha lindo.

Baadaye aliniambia bila kinyongo, "Mzee, ukitaka kuzima stima tena nishtue mapema. Mimi nitazima mwenyewe, nimezoea kugombezwa."

Na yote yalikuwa bure. Kisanduku kina betri yake ndogo. Hakikuzimika hata sekunde moja. Saa nne na dakika saba kilijumlisha siku yake kama kawaida. Nilihisi kinanicheka.

Alasiri Wanjira alinieleza habari ambayo ilipaswa kunituliza. Zamu yake ya kompyuta ni Jumatano mchana. Atapakua robo saa zote za wiki kutoka kisandukuni, aone kila mvua iliingia saa ngapi. "Nikiziona hizo, Guka, nitajua kama ni mashine ama ni mimi." Matumaini yake yote yamo mle.

Nami nikawaza: basi nirekebishe kabla ya Jumatano mchana.

Jumatano, 15 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia asubuhi.

Usiku kulinyesha mvua kubwa kuliko zote za mwaka huu. Saa tatu kasoro dakika tano nilikuwa nimeshamwambia Haron. Alizima swichi, akashikilia lango wazi kwa jiwe, akajikalia. Mimi nilifungua kisanduku kwa kisu cha jikoni cha Kalekye, nikachomoa nyaya mbili za betri. Kioo kikafa. Nilisoma mvua yangu saa tatu kamili, milimita sitini na moja nukta tatu, na sekunde hiyo hiyo nikarudisha nyaya, nikampigia Haron mluzi. Kazi safi, kama operesheni ya hospitali.

Kioo kikawaka. Kilisema ni tarehe mosi Januari mwaka elfu mbili, saa sita usiku. Mvua: hakuna.

Niliambiwa maana yake saa nane. Kumbukumbu ya kisanduku huishi kwa betri. Betri ikitoka, kumbukumbu inakwenda nayo. Saa, tarehe, programu, na robo saa zote za siku nane. Hata mvua ya usiku. Wanjira alichomeka kompyuta, akangoja, akachomoa, akachomeka tena. Hakulia. Ningependa angelia. Alikaa kwenye lile jiwe, mikono magotini, akasema taratibu, "Nimeua wiki nzima, Guka. Sijui nimefanya nini, lakini nimeua wiki nzima."

Haron alikwenda nyuma ya kibanda.

Baadaye Wanjira akaomba daftari langu la mvua. Si la mwezi huu peke yake. Yote ya miaka sita. Alitaka ajifunze jinsi mtu anavyofanya kazi hii vizuri, maana mashine imemshinda. Nilimpa. Nilijivuna hata. Kila mstari una tarehe, kipimo, na saa ya kusoma, kwa mwandiko uliosimama wima. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikishuka kwenye safu ya saa. Saa tatu kamili. Saa tatu kamili. Saa tatu kamili. Kurasa mia mbili na zaidi.

Kidole kikasimama. "Kila siku, Guka? Kila siku saa tatu kamili?"

Nikasema ni mazoea.

Alinitazama. Kisha akautazama mlango wa kisanduku, palipo na mkwaruzo mpya wa kisu. Kisha akanitazama tena. Alifungua kompyuta, akaipakia programu upya, akaandika mstari mmoja. Nilihesabu: mmoja. Aliueleza bila kuniangalia, kwa sauti ile watu huitumia kusoma matangazo ya kanisa. Sasa programu ikiwashwa haianzi kupima papo hapo. Inatazama saa kwanza, inangoja robo kamili ifike, ndipo inaanza. Siku yake inaihesabu kutoka saa tatu. Stima ikipotea ikarudi, inangoja tena. Aliiwasha saa kumi na dakika nne. Ikakaa kimya. Tulikaa kimya sisi sote watatu, mimi, yeye na mashine, dakika kumi na moja. Saa kumi na robo ikapima.

Kungoja tu. Ndicho kitu nilichotaka kukifanya kwa swichi, kisu na mluzi.

Aliondoka bila kunimiminia chai.

Jumapili, 19 Novemba

Tangu Ijumaa takwimu zinalingana. Hata nukta hazitofautiani. Leo kumenyesha saa tatu na dakika ishirini, mimi na mashine sote tumeihesabu kuwa mvua ya kesho.

Nilidhani Wanjira angenisema. Alikwenda mjini Alhamisi. Daktari Awiti alinipigia simu jioni yake kunishukuru. Msichana alimwambia kosa la saa lilikuwa lake kwa kutouliza vizuri, na kwamba alilitambua kwa msaada wa daftari la Mzee Mwololo. Daktari alisema wazee kama mimi wamebaki wachache.

Nimeaibishwa mara nyingi maishani. Kusifiwa ndiko kumeniumiza zaidi.

Kanisani mhubiri alizungumzia jambo jingine kabisa, sadaka ya ujenzi, nami nikahisi ananisema mimi. Kalekye nimemweleza yote tukirudi. Alisimama katikati ya njia. Akasema, "Enda useme. Kesho. Kwa mdomo wako." Akaongeza kwamba kisu chake nimekipinda.

Nimeandika barua ya kukiri. Rasimu nne. Ya kwanza ilikuwa na hisia kupita kiasi. Ya pili haikuwa na aya ya utangulizi. Ya nne ni barua nzuri, ingawa sijisifu. Ninaeleza swali aliloniuliza, jibu nililompa, swichi, kisu, betri. Nimeitia sahihi.

Jumatatu, 20 Novemba

Kamati ilikaa saa nne, ghorofa ya sita. Watu watano na chupa za maji. Barua ilikuwa mfukoni mwa koti, upande wa kushoto.

Walisema mashine ni sahihi kwa siku nne hizi. Walisema pia kwamba siku nne si wiki mbili, na kwamba mtu anayepoteza rekodi za siku nane, pamoja na mvua kubwa kuliko zote za mwaka, hawezi kukabidhiwa kituo. Wakamuuliza Wanjira zilipoteaje. Alisema hajui. Alilisema akitazama meza. Wakaniuliza mimi, niliyekuwapo, kama niliona chochote.

Mkono wangu uliingia mfukoni. Uliishika barua. Yule wa hesabu alikuwa akinitazama, kalamu tayari. Niliwaza jina langu likiandikwa na mtu ambaye hajawahi kupanda Kitisuru.

Nikasema jambo hilo linahitaji uchunguzi.

Ngazini Daktari Awiti alinieleza walivyokata shauri. Hadi Ijumaa, saa sita mchana. Mtu akileta maelezo ya maandishi yanayoonyesha kwamba wiki ile haikupotea kwa uzembe wa msichana, atathibitishwa, mashine itabaki, na mimi nitaagwa. Yasipoletwa, ataondoka, mashine itaondoka, na mimi nitaendelea na kipimamvua changu kama kawaida.

Wanjira alitupita akishuka. Akasema, "Habari ya mchana, mzee." Hakuniita Guka.

Jumatano, 22 Novemba

Siku mbili zimebaki. Barua bado iko mfukoni. Nimeisoma tena na sioni cha kusahihisha. Ndilo tatizo lake. Inasema kila kitu.

Lakini leo asubuhi, baada ya kusoma (milimita tatu nukta moja, saa tatu kamili, mashine vivyo hivyo), nimefikiria jambo ambalo sijui kwa nini halikunijia mapema. Panya. Panya hukata nyaya. Panya hukata nyaya za betri hasa, kwa kuwa zina joto. Kama panya angepatikana ndani ya kisanduku, maelezo ya maandishi yangekuwa mafupi, ya kweli kwa kiasi chake, na yasiyomdhuru mtu. Wanjira angethibitishwa. Jina langu lingesalimika. Tena kamati ingeona yenyewe kwamba mashine iliyoachwa peke yake huliwa na panya, na kwamba yafaa iwe na mtu mzima wa kuilinda, ikiwezekana mwenye uzoefu wa miaka thelathini na mitano.

Nimezungumza na Haron. Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Mzee wangu, si ungeongea tu na huyo msichana?" Lakini ni mtu mwenye moyo. Saa kumi aliniletea panya, mzima, ndani ya mkebe wa kahawa wenye matundu kifunikoni. Ni mdogo, hana hatia yoyote, na ananitazama kwa macho ambayo nimeshindwa kuyatazama.

Barua iko mfukoni. Mkebe uko mezani. Kalekye amekwenda kulala bila kuniaga. Nikiamua, kati ya hivi viwili, nitakuandikia.